Mawe Madogo ya Kaburi la Bibi Margit

Nyumba Na. 418, Mtaa wa Linden,
Marlow Falls, Ohio,
Marekani.

20 Septemba 2022

Mpendwa Bibi Piroska,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi mengi. Natumaini barua hii itakukuta umekaa penye dirisha lako la Montevideo, goti limetulia na kikohozi kimekuacha. Je, dawa mpya inakufaa? Na yule paka wa jirani bado anakuja kulala kitandani kwako bila kualikwa? Sisi huku tuna afya ya mwili, tunamshukuru Mungu. Mama amekonda kidogo. Babu Lajos siku hizi anatembea na fimbo, lakini ukimuuliza atakwambia fimbo ndiyo inayohitaji mtu wa kuishika.

Shule imefunguliwa na nimeingia darasa la tisa. Hesabu zinanisumbua, ila mwalimu wangu wa Kiebrania anasema mwandiko wangu sasa unasomeka hata na mtu mwenye haraka. Nilijua utafurahi kusikia hilo, kwa hiyo nimelitanguliza.

Bibi, yanayofuata si ya kufurahisha. Mama alitaka kukupigia simu, lakini kila akishika simu anairudisha mezani. Ndipo nikamwomba niandike mimi.

Mwishoni mwa Agosti watu tusiowajua waliingia makaburini kwetu, kule kilimani nyuma ya kiwanda cha zamani cha vioo. Waliangusha mabamba mengi yenye majina ya marehemu, mengine yakavunjika vipande, na yaliyobaki wakayapaka rangi nyekundu na alama ya Wanazi. Bamba la dada yako, Bibi Margit, halikuanguka, ila walilipaka rangi juu ya jina lake. Polisi wamekuja, wamepiga picha, wamekwenda. Mpaka leo hajakamatwa mtu.

Huu ulikuwa mwezi wetu wa kuzuru makaburi kabla ya Mwaka Mpya wetu wa Kiyahudi, na watu walikuwa wanapanda kilimani kuwatembelea wazazi wao wanakuta hivyo. Mzee mmoja alikaa chini kwenye nyasi na hakutaka kuinuliwa.

Shuleni, mvulana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kama tumezika dhahabu kule chini, ndiyo maana tunalia sana. Wenzake wakacheka. Nikamwambia kule chini yupo bibi yangu, na kama ana swali aende akamuulize mwenyewe. Hapo hawakucheka tena, lakini hakuna aliyeniomba radhi. Mwalimu alikuwa karibu, akaanza kufuta ubao ambao ulikuwa safi tayari.

Unajua kazi ya Mama katika ofisi ya jamii yetu. Mtoto akichora alama ile kwenye dawati, Mama ndiye anayekwenda kukaa na mwalimu mkuu. Kanisa likitaka kujua kwa nini tunafunga siku ya toba, yeye ndiye anayealikwa. Anakula keki nyingi asizozipenda katika kumbi nyingi zenye baridi, ili siku mbaya ikija tusiwe tunajulishana majina siku hiyo. Basi siku mbaya ilipokuja, aliwaita wote waje kusafisha makaburi pamoja nasi.

Babu alikataa kabisa. Yeye na Mama walibishana jikoni, kwa Kihungari, wakidhani sielewi. Babu alisema ukimwonyesha mgeni mahali panapouma, umemfundisha mahali pa kupiga. Mama akasema mtu aliyesugua kaburi kwa mikono yake hataweza kunyamaza siku nyingine. Babu akamwambia yeye amewaona wengi walionyamaza wakiwa na mikono safi sana. Kisha akaenda kulala bila kunywa chai.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili hii iliyopita. Walikuja wengi, Bibi, kuliko tulivyotarajia. Watu wa kanisa la Methodisti walikuja baada ya ibada yao, bado wamevaa viatu vizuri. Watu wa msikiti wa Mtaa wa Canal walileta matangi ya maji. Mama alikuwa amewaeleza kila kitu: brashi laini tu, sabuni isiyo na tindikali, mtu asiinue bamba peke yake. Baba alisukuma toroli mpaka viganja vikachubuka. Mimi nilichota maji. Nilimwona Mama akicheka na mtu kwa mara ya kwanza tangu Agosti, na moyo wangu ukawa mwepesi.

Kaburi la Bibi Margit lilisafishwa na Bi. Loretta Pruitt wa kanisani. Ni mama wa rika la Babu, aliwahi kuwa muuguzi. Alipiga magoti asubuhi nzima, akitoa rangi kwenye herufi moja moja kwa mswaki.

Adhuhuri tukamwona Babu anapanda kilima na fimbo yake. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akasimama. Jina lilikuwa linang'aa. Bamba lilikuwa safi kabisa, na juu yake hakukuwa na kitu.

Babu akauliza, "Mawe yako wapi?"

Bi. Loretta akainuka kwa taabu, anatabasamu. "Nimeyatoa yote, mzee wangu. Nilidhani ndiyo waliyomrushia mkeo. Nikasema haiwezekani, lisibaki hata moja."

Bibi, alikuwa ameyatoa kwa huruma. Na si yeye tu. Makaburini kote wageni wetu walikuwa wamefagia mawe yote madogo na kuyatia kwenye mifuko ya takataka pamoja na vioo na matambara ya rangi, wakiamini wanaondoa matusi. Mawe ya watu waliokuja miaka yote hii, kila mmoja ameacha lake ili ijulikane kwamba alifika. Mama aliwaeleza kuhusu sabuni, akawaeleza kuhusu brashi. Hakuwaeleza kuhusu mawe. Kwetu sisi mawe hayaelezwi, ni kama kumwambia mgeni asitupe viti vya sebuleni. Hakuna yeyote kati yetu aliyelifikiria, si rabi, si Baba, si mimi.

Babu hakumgombeza Bi. Loretta. Alimgeukia Mama aliyekuwa amekuja mbio, akasema taratibu, "Umeona, Vera? Wabaya wameyaacha. Wema wameyamaliza."

Mama alikwenda kukaa ndani ya gari na kufunga mlango. Nilipomfuata aliniambia ataandika barua ya kuacha kazi, na kwamba niende nikachukue ndoo yangu.

Niliporudi nilimkuta Baba akimweleza Bi. Loretta maana ya mawe. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Alivua sweta lake, akaenda kwenye pipa kubwa la chuma pale langoni, akaanza kupanda. Watu wakamwambia, Loretta, acha, utavunjika nyonga. Akasema nyonga zake mbili ni zake, na akaingia. Kisha wengine wakamfuata, na wale vijana wa msikitini, wakawa wanatoa mifuko na kuimwaga juu ya turubai.

Lakini gari la takataka lilikuwa limeshachukua mzigo wa kwanza, na mifuko ya upande wa Bibi Margit ilikuwa humo.

Bibi, unajua ninachotaka kukwambia, na nimekizunguka kurasa mbili. Lile jiwe lako halipo. Lile la bapa, la rangi ya kahawia, mlilokuwa mkichezea utotoni uani kule Szeged, ulilolitunza ukavuka nalo bahari, ukaliweka juu ya bamba la dada yako siku lilipofunuliwa. Babu alipiga magoti kwenye turubai, akayageuza mawe yote kwa mkono wake. Mimi pia nilitafuta, mpaka nikawa naona kahawia kila mahali. Bibi Margit alikuwa akinisimulia kwamba wewe daima ulichagua jiwe baya kuliko yote, kwa sababu zuri huteleza, na ndiyo maana ulikuwa ukimshinda. Nilitafuta jiwe baya kuliko yote. Samahani sana, Bibi. Sikuliona.

Jioni ilikuwa inaingia na watu wengi walikuwa wamekwisha kwenda. Bi. Loretta alikuwa bado amesimama kando ya turubai, mikono nyeusi. Akamuuliza Babu yarudishwe vipi, lipi la nani.

"Hata mimi sijui," Babu akasema. "Wala wao waliolala humu hawajui."

Kisha akaokota jiwe moja, akampa. "Hili mpelekee mke wangu. Usilitupe. Liweke, na useme jina lake."

Bi. Loretta akaliweka, akasema jina. Alilisema vibaya. Babu akamsahihisha. Akalisema tena, na bado vibaya, na Babu akamsahihisha tena, kama alivyokuwa akinisahihisha mimi nilipokuwa mdogo. Kisha wakaenda kaburi linalofuata, Bi. Loretta na Babu na fimbo yake, na sisi tuliobaki tukachukua mawe na kuwafuata, mpaka kila kaburi likawa na lake. Hayakutosha kuwa mawili mawili.

Jana Mama hakwenda ofisini. Barua yake ya kuacha kazi ilikuwa ndani ya mkoba, niliiona aliponituma nimchukulie miwani. Jioni tukakaa kula. Babu alimaliza supu yake, akapangusa mdomo, akamuuliza Mama kama kesho anakwenda kazini.

Mama akamjibu baba yake kwamba hajui.

"Nenda," akasema Babu. "Yule mama wa kanisani bado hajui kulitaja jina la mama yako. Nimemwambia aje Alhamisi. Sasa nitamwambia nini, kwamba binti yangu amechoka?"

Mama aliinama juu ya sahani yake na mabega yakatikisika, na mimi nilijifanya natafuta chumvi. Leo asubuhi amekwenda. Sijui kama ile barua bado iko mkobani. Sikuangalia.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Babu hajasema kwamba Mama alikuwa sahihi, na lango la makaburini sasa lina mnyororo na kufuli, kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Yule mvulana wa shule bado ananitazama. Lakini Alhamisi Bi. Loretta anakuja, na nimeombwa kutengeneza keki ya tufaha na asali.

Nina ombi moja. Kabla hujajibu barua hii, tafadhali shuka mpaka ufukweni kwenu, uokote jiwe, ulitie kwenye bahasha. Nitalipeleka kilimani mimi mwenyewe na kumwambia Bibi Margit limetoka kwa nani.

Nisalimie Mjomba Andor na mkewe Graciela, na binamu yangu Tamara, mwambie picha za mtoto zimefika na ana masikio ya Babu, pole yake. Baba na Mama wanakusalimu. Mungu akuandikie mwaka mwema na mtamu, akulinde wewe na mlango wako, na atujalie kuonana tukiwa wima.

Mjukuu wa dada yako, anayekupenda na kukukumbuka kila Ijumaa mishumaa ikiwashwa,

Noemi

Nyongeza: Babu ameisoma barua hii, kwa hiyo ujue kwamba ameikubali. Ameniambia niongeze kwamba jiwe lisiwe zuri. Likiwa zuri, anasema, Margit atajua hukuliokota wewe.