Sahani Tupu Kando ya Samaki

Eldoret,
Jumatano, 12 Juni 2024.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mguu umepoa na yule ng'ombe mweusi ameacha kukupiga teke ukimkama. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio una shida. Ningekupigia simu, lakini nakujua: utaiweka kwa spika, na kabla sijamaliza kukusalimu nusu ya Ainabkoi itakuwa imesikia. Kwa hivyo nimempa Kimeli, kijana wa jirani yako, barua hii, na nimemwonya asiifungue.

Mama, ni habari ya Mjomba Kigen. Kimeli ameniambia mjomba hajakanyaga kwako tangu Pasaka, na kwamba ulipomtumia maziwa ya mursik alikirudisha kibuyu bila kukifungua. Ndugu yako wa tumbo moja! Tena amebomoa ukingo wa bwawa lake, maji yakaisha, samaki akawazika, kwa kuwa hakuna mtu Cheptiret aliyekubali kuwanunua tena.

Najua wewe ulikuwa unajivunia mtoto tu. Uliwaambia akina mama wa kanisa kuwa binti yako amesoma mpaka anaona plastiki ndani ya samaki, na kwamba wa Kigen ndio wabaya kushinda wote. Lakini maneno hayo uliyapata kwangu.

Kazi yetu iko hivi. Khisa, mwenzangu wa maabara, huleta samaki kutoka mto Sosiani na mabwawa ya huko juu mpaka Timboroa. Tunawapasua, tunayeyusha matumbo yao kwa dawa, tunachuja, halafu tunaitazama karatasi ya kuchujia kwa hadubini. Plastiki ambayo jicho haliwezi kuiona huonekana hapo, na kuna mashine inayotuambia ni ya aina gani. Samaki wa mjomba walikuwa na nyuzi nyekundu nyingi mno. Dkt. Nelima, mkubwa wetu, alifurahi, akasema matokeo kama hayo ndiyo yatanipa digrii.

Sasa, maabara yetu ina baridi ya kutetemesha, na sheria ni kuvaa pamba tupu chini ya koti jeupe. Mimi nilivaa ile sweta nyekundu uliyonifumia. Sikudhani kitu kilichotoka mikononi mwako kinaweza kuharibu chochote. Kumbe uzi ule wa dukani si sufu ya kondoo, ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi, na kila nilipoinua mkono ilikuwa inapukutika. Wiki jana nilivaa pamba, nikapima samaki wa mjomba waliobaki kwenye friza. Uzi mwekundu hakuna hata mmoja. Walikuwa na chembe mbili tatu tu, chache kuliko samaki wa mtoni.

Ingekuwa ni sweta peke yake, ningesema ni bahati mbaya. Lakini kuna jambo nililolificha. Tukifanya kazi huwa tunaacha sahani moja tupu, wazi, kando ya samaki. Kikianguka kitu humo, tunajua kimetoka kwetu. Siku ile sahani ilikuwa na nyuzi nyekundu kumi na moja. Niliziona, mama. Nikautazama mkono wangu, nikaona sweta. Kisha nikaandika sifuri, kwa sababu Dkt. Nelima alikuwa ameshaanza kunipongeza, na mimi nilipenda kupongezwa.

Leo asubuhi nimemweleza yote. Hakunifokea. Aliniambia tu niache funguo mezani mpaka wakubwa waamue. Huenda digrii imekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya mjomba yamemwagika kwa sababu yangu. Naona aibu sana, mama.

Jumamosi nakuja. Nitaanzia kwa mjomba kabla ya kwako, na sweta nitaivaa ili aione kwa macho yake. Nawe nakuomba, Jumapili simama tena mbele ya wale akina mama, nami kando yako, tuseme samaki wa Kigen hawakuwa na kosa. Ukiona haya, nitasema peke yangu.

Nisalimie dada Faith na watoto wake, na umwombe mwalimu wa Sunday school anikumbuke kwenye maombi. Na tafadhali, usinifumie sweta nyingine mpaka siku mjomba atakapokunywa mursik kwako.

Ni mimi mwanao,
Chepngetich