Wiki ya Kiu

Isiolo,
Jumatano.

Ndugu yangu Ekitela,

Habari ya Nairobi, na wifi yangu hajambo? Huku tu wazima. Goti la Mama limepona na mbuzi wamepata majani kidogo. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unaujibu kwa picha ya kidole gumba.

Juma lililopita redio yetu ilinituma Gotu. Shule moja ya Nairobi ilikuwa imeleta watoto kwa basi wajifunze kiu. Bango lao lilisema hivyo: Wiki ya Kiu. Kiongozi wao, mwalimu Gichunge, alijifunga shuka jipya, akanieleza kwamba mtoto asiyeteseka hawezi kuongoza nchi, kisha akaulizia soda baridi. Maji yaliletwa na lori. Watoto waliyabeba kwa mitungi hadi chini ya mgunga, wakapigwa picha, halafu yakamwagwa ili kundi la pili nalo lianze na mitungi mitupu. Wanawake wa pale walisimama na ndoo zao wakitazama mchanga ukinywa. Jirani yetu Akidor aliuliza kama shule hiyo inatafuta mwalimu wa njaa, maana yeye amehitimu.

Kisha wakapelekwa kuona boma la wafugaji halisi. Ni boma la Mama. Alikuwa amekubali kwa kuwa yeye hafukuzi wageni. Gichunge aliwaonya watoto wasiguse kitu, akawaambia bibi huyu hajawahi kuona mji. Mama, aliyepika katika hoteli za Isiolo mjini hadi nywele zikawa nyeupe, alimsikiliza kwa adabu, akawasalimia watoto kwa lugha yetu: "Ejoka?"

Msichana mmoja wa nyuma akajibu, "Ejok nooi." Gichunge akampongeza mbele ya wenzake kwa kujifunza lugha ya wenyeji kwa siku moja tu.

Alikuwa Sharon wako. Sikujua yumo. Alinitazama akatikisa kichwa, nami nikajifanya simjui. Mama naye alielewa, akaendelea kuwasalimia wengine. Baadaye mtoto aliniambia ulimwagiza aseme shuleni kwamba kwenu ni Nakuru.

Basi lilipowashwa, Sharon alikaa mlangoni pa Mama akakataa kuondoka. Alimwambia mwalimu kwamba huyu ni nyanya yake. Gichunge akakupigia, nawe ukapokea mara moja. Hukujua kwamba simu ilikuwa kwenye spika. Ulisema watu hao huwajui, na mtoto apandishwe basi. Tulisikia sote, Mama akiwa mbele.

Sharon hakulia. Alimwambia mwalimu, "Nyanya ninamjua. Baba ndiye asiyemjua." Mama akamwambia apande, amtii baba yake. Akapanda.

Maji yaliyomwagwa nimeyatangaza. Hayo mengine ni ya kwetu, nimeyaacha.

Msalimie wifi, na Sharon zaidi. Mama pia anakusalimu. Nilimuuliza kama kweli niandike hivyo, akasema niandike, kwani salamu hata mtu usiyemjua hupewa.

Dada yako,
Everline