Wakala, au Wewe Mwenyewe

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumatano, tarehe 14 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Habari za huko, na za kiwandani? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakificha, ukidhani mimi sisikii mtu anapoziba mdomo kwa mkono? Sisi tu wazima. Mama anakula na analala vizuri. Goti la kushoto tu ndilo humsumbua akiinuka kutoka sijda, kwa hiyo tangu mwezi wa tatu anaswali kwenye kiti. Hayo ndiyo ya afya. Sijapunguza wala kuongeza.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe husema "nitakuja mwakani" kabla sijamaliza sentensi. Barua haikatizwi. Anakuletea muuguzi, jirani yetu wa ukuta mmoja, anayesafiri kesho kutwa.

Jambo lenyewe ni hili. Akdi ya ndoa ya kitinda mimba wetu na yule fundi majokofu imepangwa Ijumaa ya tarehe 6 Juni, baada ya alasiri. Posa uliikubali mwenyewe. Baba hayupo, babu hayupo, na kaka ni wewe peke yako, kwa hiyo uwalii, yaani haki ya kumwozesha, ni wako. Baba mdogo alijitolea kusimama, lakini sheikh akamwambia zamu yake haijafika. Zamani, alisema, walii akiwa mbali namna hiyo kadhi alisimama mahali pake. Leo simu iko mfukoni. Basi aulizwe mwenyewe kwanza.

Nilimuuliza kuhusu kuozesha kwa simu ya video. Anasema wapo masheikh wanaoruhusu, yeye hafungishi hivyo. Anataka walii, bwana harusi na mashahidi wawili wawe kikao kimoja, wasikizane bila mtambo. Walii asipoweza kufika, aweke wakala.

Neno hilo ndilo lililotuponza. Ujumbe alipewa shangazi, naye hakuuliza mara mbili. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, akavuta kigoda, akasema mtoto wa kaka yake aliye ng'ambo atapitishia hapo idhini ya ndoa.

"Mama, mimi natoa pesa na kupokea pesa," wakala akamwambia. "Mke sijawahi kutoa."

"Sheikh mwenyewe kasema wakala. Wewe niambie tu makato yake."

Alikaa pale saa nzima na kitambulisho mkononi. Mtaa mzima unayo habari, na fundi sasa anaitwa "muamala".

Sheikh aliponieleza vizuri, shughuli ilikuwa nyepesi. Unamtaja mtu kwa jina, unamtaja bibi harusi na bwana harusi, unasema umemwakilisha huyo aozeshe badala yako. Sheikh anakusikia kwenye simu, anajiridhisha kwamba ni wewe, imekwisha. Dakika tano. Nilidhani nitakuandikia hayo tu.

Kitinda amekataa. Ulipoondoka alikuwa na miaka tisa. Sasa ana ishirini, na ulimi ameurithi kwa shangazi. Alimwambia sheikh mbele yetu sote, "Kama sauti inatosha, basi na mimi nimrekodie bwana harusi sauti yangu, akaishi nayo."

Sheikh alicheka, kisha akamweleza bila kuficha kwamba kuwapo kwa walii mwenyewe si sharti, wakala anatosha.

"Na ridhaa yangu?"

"Hiyo lazima uulizwe."

"Basi bado sijaitoa. Nitaitoa kaka akiwa amekaa pale." Akaonyesha mkeka.

Nimejaribu, mama amejaribu, fundi amejaribu. Fundi anasema atasubiri. Mama yake fundi hasemi hivyo, na juzi aliuliza kwa sauti ya kusikika kama nyumba hii ina binti au ina kesi. Tarehe ikipita, sina hakika kama posa itabaki. Sikutishi. Nakupa hali ilivyo.

Swali lako la udhu na viatu vya kazini nimelifikisha kwa sheikh. Ndiyo, unaweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, mradi vinafunika vifundo, ni safi, na ulivivaa ukiwa na udhu kamili. Mkaazi ana siku moja na usiku wake, msafiri ana siku tatu. Sheikh akaniuliza, "Huyo kaka yako ni msafiri?" Nikamwambia ana miaka kumi na moja huko. Akasema, "Basi ni mkaazi. Siku moja."

Mama alikuwa anakunja nguo. Akaacha.

"Kwa hiyo akija hapa," akamuuliza sheikh, "ndipo atakuwa msafiri? Nyumbani kwangu ataswali rakaa mbili mbili kama mpita njia?"

Sheikh akamjibu pole pole kwamba inategemea nia. Aliyehamia kwingine, akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huswali kamili kama wenyeji.

Karatasi zako za kukuruhusu kutoka huko na kurudi zimekamilika tangu mwezi wa pili. Uliniambia mwenyewe, na mama nilimwambia. Tangu siku ile sijamsikia akisema uje. Nilipomuuliza nikuandikie nini, alisema niandike kwamba yeye ni mzima, na hilo nimeshaandika juu. Lakini sheikh alipomaliza lile jibu lake, mama alichukua shuka akaendelea kukunja, akasema, si kwangu wala kwa sheikh:

"Basi anuie nne."

Akdi inahitaji siku moja.

Shangazi anakusalimu na anasema habari za kibanda ni uongo. Baba mdogo anakusalimu. Kitinda amenikataza kukufikishia salamu zake. Anasema atakusalimia kwa mkono. Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko na akufungulie njia, atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja