Sare Huombwa kwa Mdomo

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu zilizojaa mapenzi. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila tumechoka hadi kwenye kucha za miguu. Mimi hushinda nimesimama nikipiga pasi kwa dobi, na jioni namkuta mume wangu ameniwekea beseni la maji ya moto nitie miguu. Usinicheke, Dada, bado moyo hunidunda nikisikia hata kikohozi chake!

Unajua Baba hajamsemesha mkwewe tangu harusi. Akiwa na neno hulipitisha kwangu: mwambie huyo fundi viatu wako. Nimechoka kuwa daraja, wote wananikanyaga. Jumamosi nilikwenda kutazama mashindano ya klabu yao ya chesi, na kura ikawakutanisha. Katibu, yule kinyozi, akaapa hajawahi kusimamia mechi ya mabubu.

Walilana kete mpaka wakabaki wafalme wawili, na askari waliozibiana njia. Hakuna tena wa kushinda. Lakini klabu ile ina sheria yake: sare huombwa kwa mdomo, kutikisa kichwa hakuhesabiwi. Baba kimya. Mume wangu kimya. Wafalme wakawa wanakwenda na kurudi kama walinzi wa ghala. Baba alikuwa ametoka kiwandani moja kwa moja, mabega yameshuka, nikamwonea huruma. Watu wakapiga miayo. Mmoja akauliza kama wachezaji waletewe mito. Katibu akasema dawa ya jino bovu ni kung'oa, basi mmoja aseme! Nikamsihi mume wangu kwa macho. Akatabasamu, akasogeza mfalme.

Mwishowe Baba akajifuta uso, akamwambia: mwanangu, tumechoka, iwe sare. Mwanangu, Dada! Mume wangu akampa mikono yote miwili, akaitikia, naam, Baba. Wakatoka pamoja, Baba akilalamikia soli ya kiatu chake.

Sasa hili likae kifuani mwako, Baba asilijue kamwe. Nilipokuwa namkanda mabega, mume wangu aliniambia kwamba mapema mchezoni aliiona njia ya kumfunga Baba kwa kete yake ya ngome, akaiacha iliwe makusudi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema aliyefungwa hujiendea zake kimya, na kimya ndicho kilichomchosha. Nililia, Dada, sijui kwa uchovu au kwa mapenzi.

Baba atakuja kwetu Jumapili. Amemwambia yeye, si mimi.

Maji ya beseni yamepoa, naishia hapa. Nibusie watoto, mwambie shemeji namkumbuka.

Mdogo wako akupendaye,
Mke wa fundi viatu