Niliikata Prosesa Sahihi kwa Kalamu Yangu

Mpendwa mshauri,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hili sijamwambia hata mume wangu. Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi za hospitali, mtoto pekee wa baba yangu, au nilikuwa pekee mpaka miaka mitatu iliyopita alipooa tena baada ya mama kufariki, na mke wake akaja na binti yake wa miaka ishirini na mbili, anayejifunza ushonaji, ambaye tangu wiki ya kwanza anamwita baba yangu "baba" bila hata kusita, na baba naye anamwitikia kwa sauti niliyodhani ni yangu peke yangu.

Baba aliendesha malori miaka thelathini na moja mpaka nyonga ilipomtoa barabarani, na tangu hapo ni mtu wa kukaa dirishani akisikiliza wenzake wakibadili gia, sasa huyu binti akamwonyesha kwenye simu gemu ya kuendesha malori, mzee macho yakamng'aa, akataka laptopu ya bei ya chini itakayoiweza. Jumapili mchana nilipokwenda kuwasalimu akanitolea kikaratasi.

"Mdogo wako kaniandikia prosesa ya kununua, lakini fundi ni wewe. Hebu iangalie."

Nikaiangalia. Mshauri, ilikuwa sahihi kabisa, ubongo wa mashine wenye viini vinne, uwezo mzuri wa picha ndani yake, bei ya kawaida, hata mimi nisingechagua nyingine, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba mimi kazi hii nimeisomea halafu mshona magauni anaijua, na huko jikoni namsikia anacheka na mama yake kama mwenye nyumba, basi nikachukua kalamu, nikaikata, nikaandika nyingine ya viini viwili, ya kuandikia barua tu, bei karibu ile ile. Nikasema, "Nunua hii, baba. Huyo bado mtoto."

Akanunua ya kwangu. Wiki iliyopita nimemkuta anacheza, lori linakwamakwama, anakata kona sasa hivi usukani unaitika baadaye, lori mtaroni, anaanza upya, mtaroni tena. Akaifunga laptopu taratibu, akasema, "Mikono imekwisha. Zamani kona kama hii naipita huku namenya chungwa." Akaenda kuiweka kabatini, chini ya mashuka.

Yule binti alikuwepo. Alikuwa amesoma kibandiko cha prosesa, akaniangalia, nikajua amejua, na hakunisema. Alisema tu, "Baba, mikono yako haina shida, tutaangalia tena." Angenitukana ningepumua! Sasa hata kwa wema amenizidi. Nikikiri, yeye ndiye atabaki mtoto mzuri wa nyumba ile. Je, nimnunulie baba laptopu nyingine kimya kimya yaishe?

Binti wa Kwanza


Binti wa Kwanza,

Pole. Kuzaliwa peke yako halafu ukubwani uambiwe ugawane baba na mwingine si jambo dogo, na anayekucheka hajaonja. Hapo huruma yangu inaishia.

Ulitaka kumkata mdogo wako, kalamu ikamkata mzee. Mtu aliyeshika usukani miaka thelathini na moja sasa anaiogopa mikono yake mwenyewe, na wewe, fundi, unajua fika ugonjwa uko wapi. Umekaa wiki nzima na dawa mfukoni.

Kumnunulia nyingine kimya kimya sikubali. Ataiacha kabatini ilipo hii, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kosa halikuwa lake. Nenda leo, ukakae naye chumbani, useme: "Baba, ile karatasi ilikuwa sahihi. Niliikata kwa wivu." Usiongeze "lakini". Akikasirika, mwache akasirike.

Na unisikilize hapa. Mzee alikuwa na jibu tayari mkononi, akaona halijatosha mpaka wewe ulitazame. Nafasi unayoililia ulikuwa umeikalia.

Sasa laptopu. Prosesa ya mashine za bei hiyo huwa imegandishwa kwenye ubao wa ndani, haibadilishwi kama tairi, unalijua hilo kuliko mimi. Kwa sasa punguza ubora wa picha kwenye gemu mpaka chini kabisa, angalau lori litembee. Kisha ombeni dukani mbadilishiwe, na wakigoma, mwuzieni mtu wa kuandika barua, itamtosha. Mpya iwe na viini vinne au zaidi, ya toleo la karibuni, na uwezo wa picha ndani yake usiwe wa kubahatisha. RAM, ile kumbukumbu ya kazi, iwe vipande viwili badala ya kimoja, maana picha nazo zitakopa nafasi humo humo. Gemu iwekwe pale pale dukani, mzee akae kitini aijaribu kwa mikono yake kabla hamjatoka.

Huyo binti mshukuru kabla hamjaondoka nyumbani. Alikuwa na neno la kukumaliza mbele ya baba yako akalimeza, na sidhani lilishuka kirahisi. Mwite mdogo wangu, hata kama siku ya kwanza ulimi utagoma.

Nendeni Jumamosi, wote watatu. Mkifika dukani, maswali aulize mdogo wako. Wewe beba begi, unyamaze.

Mshauri wako