Bibi wa Kwenye Flashi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kliniki wamesema niandike kila neno jipya la Minza. Neno, na siku aliyolisema. Nimenunua daftari la kurasa mia moja. Siku ya kwanza imeisha — neno hakuna. Sasa kurasa zote hizi nizifanyie nini? Basi naandika yangu. Ya nesi nitamnakilia kwenye karatasi nyingine, kama yatapatikana.

Minza binti yangu ana miaka mitatu na miezi kumi. Masikio mazima, wameyapima. Nesi akauliza, mtoto anashinda na nani? Nikasema anashinda na mimi dukani. Akauliza, duka la nini? Hapo nikakohoa.

Najaza flashi. Banda langu liko nyuma ya stendi hapa Bariadi, juu nimeandika MAIGE MOVIES, lakini mji mzima wanasema kwa Maige Katuni. Mama analeta flashi, namjazia, anakwenda kuichomeka kwenye TV yake, mtoto anatulia, yeye anakwenda kuvuna pamba au kuuza nyanya zake. Nusu ya watoto wa mji huu nimewatuliza mimi! Na wa kwangu amekaa chini ya meza yangu, mbele ya skrini ya dukani, toka saa mbili asubuhi hadi jioni nafunga. Mke wangu Klementina anafundisha shule ya msingi Maswa, amepanga chumba huko huko, Nyalikungu, anarudi Ijumaa. Mtoto ningemweka wapi?

Nesi hakunigombeza. Alisema tu, baba, punguza TV, ongea naye. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimeongea naye. Kutwa! Minza, hii kalamu. Minza, yule mbuzi. Minza, baba anakunywa chai. Ananiangalia kama tangazo linalomchelewesha katuni yake.

Saa tatu nikazima skrini. Alilia mpaka Januarius, fundi baiskeli wa banda la pili, akaja na spana mkononi kuuliza kama nampiga mtoto. Saa tatu na robo nikawasha. Dakika kumi na tano. Ndiyo nguvu zangu zote hizo.

Maneno: wan, tuu, trii. Siyo mapya. Na yelo. Manjano haijui. Ila anaunguruma kama lile gari la kwenye katuni, hukosei hata kidogo.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Leo dukani kumekuwa baraza. Alianza Mama Nyanjige, muuza dagaa. Alirudisha flashi yake, akaipigiza mezani. Anasema nimemjazia katuni ya ng'ombe anayemeza magari, magari yanataga mayai, mayai yanalia. Hakuna anayeongea. Sasa mtoto wake anaogopa ng'ombe. Msukuma anaogopa ng'ombe! Mama Nyanjige akauliza, huyu nitampeleka vipi kwa babu yake mwenye zizi? Atalala juu ya bati?

Watu walicheka. Mimi nilicheka nusu.

Januarius akaanza ya zamani. Kipindi cha watoto kilikuwa Jumamosi tu, wanakusanyika nyumba moja yenye TV, mtangazaji anawauliza watoto majina yao na shule zao, wanaimba kunawa mikono. Anadai wimbo ule anaukumbuka mpaka leo. Akauimba! Kwandu, mwalimu wa chekechea, akasema kweli, zamani mtu wa kwenye TV alikuwa anaongea, anamaliza, ananyamaza. Siku hizi picha inabadilika kabla hujapepesa jicho. Watoto wake wa mwaka huu ukiwasimulia hadithi, dakika mbili wameshainuka. Na nyingine, akasema, hazitengenezwi hata na watu, ni kompyuta inajitungia. Akasimamisha katuni kwenye skrini yangu, akahesabu vidole vya mtoto. Sita.

Wote wakakubaliana kwamba katuni zimeharibika, na wenye kuziharibu hawana watoto. Halafu kila mmoja akatoa flashi. Nipunguzie za ng'ombe. Niwekee ndefu ndefu. Na huyo Kwandu, mwalimu, alitaka ya saa tano bila kukatika, mwanawe anaota meno.

Sikuwaambia jambo moja. Mimi katuni sizitazami. Natega kompyuta ipakue, nikija naangalia urefu tu. Isiyofika saa mbili naifuta, haina mteja. Ng'ombe yule nilimchagua kwa urefu wake.

Klementina alikuwa amekaa nyuma akisahihisha madaftari, alisikia yote. Walipoondoka akasema anafundisha watoto sabini wa watu kusoma, na wa kwake hajawahi kumwita mama.

Jumanne, 10 Juni 2025

Mayu amefika kutoka Nkoma. Mama yangu. Amemaliza kuvuna pamba awamu ya kwanza, amekuja kumwona somo wake — maana Minza wangu anaitwa jina lake. Minza mkubwa na Minza mdogo.

Alisimama mlangoni mwa nyumba, kuku mkononi. Mwangaluka! Asubuhi kwetu ndiyo salamu hiyo. Mtoto wa kike anapiga magoti, anaitikia mhola, ndipo mgeni anapita. Minza alikuwa mbele ya TV. Hakugeuka. Mayu akarudia. Mara ya tatu nikakishika kichwa cha mtoto, nikakigeuza kwa mikono yangu. Kichwa kiligeuka, macho yakabaki kwenye katuni.

Mayu alisimama pale mpaka kuku akaanza kupapatika. Kisha akasema polepole, "Jina langu halinisalimii."

Akaingia. Nimeona aibu leo kuliko siku niliyofeli kidato cha nne.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Siku mbili hizi sikufungua duka. Mayu aliamuru TV izimwe kabisa. Amemwimbia, amembeba mgongoni mtoto wa miaka karibu minne, amemmenyea karanga moja moja. Anamwongelesha Kisukuma, mimi naongeza Kiswahili, chumba kimejaa maneno kama mnada. Minza jana hakula. Leo akamng'ata Mayu mkono. Alama ipo.

Saa sita Mayu akainuka, akaiwasha TV yeye mwenyewe. Akakaa naye kuitazama.

Maoni yake: hawa hawasalimiani? Wanaingia nyumba za watu kwa makelele, wanavunja, wanatoka. Wamezaliwa na nani? Nyumba nzima hiyo hakuna mzee hata mmoja! Mimi katuni nimeziuza miaka sita, hilo sikuwahi kuliona.

Halafu akanigeukia. Kama mtoto anawasikia wa humo tu, basi na yeye Mayu nimtie humo.

Nilicheka. Yeye hakuwa anacheka.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Tumemrekodi Mayu! Klementina alishika simu. Mayu alivaa kitenge cha harusi ya dada yangu, kilemba, akakaa kwenye kigoda uani. Akauliza atazame wapi. Nikamwonyesha kitundu cha kamera. Akasema hicho kitundu hakina adabu, hakipepesi.

"Mwangaluka, Minza." Akanyamaza. Kimya kirefu. Klementina akamwambia endelea, mayu, muda unakwenda. Akajibu, "Mtoto hajaitikia bado. Nitaendeleaje?" Basi tukaacha kimya kibaki hivyo hivyo. Katuni zangu zote hazina kimya cha namna hiyo.

Kisha akaonyesha kuku, akamtaja. Ungo, akautaja. Akapepeta mahindi. Akasimulia habari za sungura, taratibu, akisimama kila mahali pa mtu kuitikia. Dakika kumi na mbili. Kwa kanuni yangu ya dukani ningeifuta!

Tulicheka sana leo. Nilikuwa nimesahau Klementina anavyocheka.

Jumatatu, 16 Juni 2025

NENO!

Nimeichomeka flashi asubuhi. Mara ya kwanza Minza akatafuta rimoti. Mara ya pili akakaa. Mara ya tatu akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Mara ya nne Mayu wa kwenye TV akasema mwangaluka, Minza — akanyamaza — na mtoto akapiga magoti! Hakuna aliyemshika. Akasema, "Mhola."

Nimempigia Klementina, alikuwa darasani, akapokea. Nilimsikia anawaambia watoto wafungue ukurasa wowote. Alikuwa analia.

Mayu alikuwa nyuma yetu na kikombe cha uji. Aliitikia kwa sauti, mhola, ng'wanone, yaani mwanangu. Minza alikuwa anatazama mbele, hakusikia. Furaha ya siku ya kwanza, nadhani.

Jumatano, 18 Juni 2025

Maneno: mhola. Kuku. Ungo. Njoo. Maama — ndiyo bibi kwa Kisukuma. Matano kwa siku tatu! Nimemnakilia nesi kwa mwandiko mzuri.

Mji umeshasikia. Mama Nyanjige anataka flashi ya bibi. Mtoto wake ameitazama hapa dukani, Mayu anapepeta, na nyuma yake anapita ng'ombe wa jirani, wa kweli, hakumeza gari. Mtoto hakulia. Kwandu anataka ya kuonyesha chekechea. Januarius ameuliza kama naweza kumtia baba yake, anajua hadithi nyingi, ila anakohoa. Nikasema na kikohozi tutakiweka! Jana wamekuja wazee watatu, wamepanga mstari dukani na vilemba vyao.

Nilitamba, nakiri. Nilisema watoto wa Bariadi wamepata kipindi chao hatimaye. Mpumbavu mimi.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Sikutaka kuliandika hili. Tangu Jumatatu nimelifumbia macho.

Kila asubuhi Mayu anasema mwangaluka. Yule wa kweli, amekaa kwenye mkeka. Minza anampita mbio, anakwenda kumpigia magoti wa kwenye TV.

Leo Mayu alikivaa kile kitenge, na kilemba kile kile. Akakichukua kigoda, akakaa pembeni mwa TV, karibu kabisa, apate kuonekana naye. Akasema salamu kwa sauti ile ile. Minza akamsukuma begani kwa mikono miwili. Mayu alikuwa anamziba yule wa kwenye TV. "Maama! Maama!" anaita, huku anamsukuma maama wake atoke mbele ya bibi.

Mayu akasogea. Akakunja kitenge, akakirudisha kwenye begi.

Nimempigia nesi. Anasema ni hatua, tusikate tamaa, tuunganishe polepole wa kwenye TV na wa nyumbani. Polepole! Jumapili Mayu anaondoka, pamba ya awamu ya pili imepasuka shambani, hakuna wa kuichuma. Klementina amefika jioni, nimemweleza, akasema angalau anaongea. Akarudia, angalau anaongea. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Jumapili, 22 Juni 2025

Naandika asubuhi hii, mambo bado hayajaisha.

Noah ya abiria wa Nkoma ilikuja saa mbili. Mzigo wa Mayu ulikuwa umefungwa tangu alfajiri, juu yake nimemwekea sukari na sabuni. Klementina yuko kanisani, waliagana kabla. Mayu akasimama mlangoni, pale pale aliposimama siku aliyokuja. Akasema hawezi kuondoka bila kuagwa na somo wake.

TV ilikuwa inaonyesha. Kigoda, kuku, kitenge. Minza amepiga magoti mbele yake.

Mayu akamwita. Minza akaweka kidole mdomoni, shhh! — hakugeuka. Anamsikiliza bibi.

"Maige," Mayu akaniambia, "nizime."

Hakusema zima TV. Nimesikia sawasawa. Nizime, mwanangu, nataka kuagwa.

Nikaishika rimoti. Nikawaza, nikizima atalia, ataacha kula kama siku ile, na haya maneno matano yakipotea nitayatoa wapi tena? Nisipozima, mama yangu ataondoka kwangu kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilisema, "Mayu, ngoja kidogo, iishe." Dakika kumi na mbili! Ikaisha. Ikaanza yenyewe upya. Nilivyoitega mimi.

Noah ilipiga honi mara mbili, ikaondoka. Mayu hakuifuata. Amekaa kizingitini, mzigo magotini, anatazama mgongo wa mtoto. Hajanikasirikia. Nilitamani anikasirikie.

Rimoti iko juu ya daftari hili, inaniziba mistari. Mle ndani ya TV amesema tena, mwangaluka, Minza, na amenyamaza. Hapa mlangoni naye amenyamaza. Wote wawili wanangoja, na mtoto ameshafumbua mdomo kuitikia.