Viatu Ambavyo Sikuwahi Kuvaa

Jumanne, 8 Julai

Mashuka yamefuliwa na kuanikwa kabla ya chai. Dereva wa lori wa chumba cha mwisho kaondoka na ufunguo, wa pili mwezi huu. Nyani wameingia jikoni, wamekula ndizi, wameacha maganda mlangoni.

Saa nne wakaja wanawake wa jumuiya ya kanisani na kiroba cha unga. Nyuso za msibani. Nikauliza nani amefariki. Mama Flora akanishika mkono: "Sabina, tungejua umefikia hapo tungekuja mapema. Usiuze tena vitu vyako vya mbio, mwenzetu. Hiyo ni heshima yako."

Vitu gani? Sikuelewa hata neno moja. Unga nimeupokea kwa kuwa sikujua namna ya kuukataa. Wamekwenda wakitikisa vichwa. Mikumi nzima itakuwa inajua kufikia jioni.

Jumatano, 9 Julai

Mama Flora kanitumia ukurasa wenyewe. Unaitwa "Hazina ya Swala wa Vidunda". Swala wa Vidunda ni mimi. Jina hilo nilipewa na mtangazaji wa redio nilipokuwa nakimbia marathoni, na lilinifuata mpaka nikachoka nalo.

Picha yangu ya ujana ipo juu kabisa. Chini yake singleti, namba za kifuani, viatu, picha. Vyote vimetiwa sahihi yangu. Wameipata vizuri, ile S yenye mkia, ila yao imenyooka kuliko yangu. Maelezo: "Ameamua kuachana navyo kutokana na ugumu wa maisha."

Ugumu wa maisha! Nina nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, na sijawahi kumgongea mtu mlango kuomba chumvi.

Singleti niliyoshindia marathoni ilikuwa moja tu. Mama alipofariki nilimwekea kifuani ndani ya jeneza, tukamzika kule juu Vidunda. Yeye ndiye aliyekuwa akinisindikiza na kibatari nikienda mazoezini. Na huyu mwizi ameuza singleti hiyohiyo mara tatu, kila moja imeandikwa "ya pekee".

Niliandika pale: mimi ndiye Sabina, hivi vitu si vyangu. Mtu akajibu, "Dada, acha wivu." Kisha nikafungiwa. Mimi! Nimefungiwa nisiingie kwenye jina langu mwenyewe.

Alhamisi, 10 Julai

Leo ndiyo mbaya zaidi.

Kaja msichana kutoka Ruhembe, Kabula. Kijana wa miaka ishirini hivi, kibarua wa kukata miwa. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani. Akapiga goti, "Shikamoo, mama," akafungua mfuko, akaweka viatu vya mbio mezani taratibu kama anaweka mayai.

"Nimevileta uviombee. Jumamosi ya wiki ijayo nina mchujo wa mkoa, Morogoro. Tangu nivinunue sivui, nafanyia mazoezi humohumo."

Namba arobaini na mbili. Mimi navaa thelathini na saba. Sahihi "yangu" iko kwenye ulimi wa kiatu. Mbele kajaza vitambaa ili visimpwaye.

Nikamwambia avue kandambili nimwone miguu. Ukucha wa kidole gumba umeng'oka. Pembeni usaha.

Nikamweleza. Si vyangu. Sijavivaa hata siku moja. Akaangalia sahihi, akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo mama mlinidanganya?"

Mlinidanganya. Kaniweka fungu moja na wezi. Na angeniwekaje pengine, wakati picha ni yangu na jina ni langu? Nimemsafisha kidonda, nimemwambia aende zahanati. Namba ya simu iliyokuja na mzigo wake ninayo. Mzigo ulitokea Kilosa.

Sahani ya jioni nimeirudisha jikoni.

Jumamosi, 12 Julai

Nimepiga ile namba kwa simu ya mpangaji. Nilipanga kujifanya mteja. Nilikuwa na maneno tayari.

"Haloo, karibu mteja wetu."

Nikakata.

Ni Domina.

Nimekimbia nyuma ya sauti hiyo miaka sita. Kazi yake ilikuwa kutangulia, kunikatia upepo na kunivutia kasi mpaka kilomita ya thelathini, kisha anatoka pembeni, mimi naendelea. Tulilala kitanda kimoja kambini. Angekuwa mhuni nisiyemjua ningeweza kulala leo.

Jumatatu, 14 Julai

Kilosa. Nilikwenda na Kabula. Hakutaka kuja. Nilimwambia sitaki aniamini mimi, nataka asikie kwa masikio yake.

Domina ana meza ya mitumba sokoni. Tulimkuta nyuma, ameinama kwenye karai la maji ya udongo, anavisugua viatu vya mbio vionekane vimechakaa. Alipotuona hakushtuka. Akafuta mikono, akatutolea viti. Hilo la viti ndilo lililonipandisha hasira kuliko yote.

Nikapiga kelele. Sokoni, mbele ya watu, mwanamke mzima. Nilimwita mwizi, nikamwita mchawi. Watu wakajaa.

Yeye akaongea polepole: "Jina hilo tulilikimbilia wawili, Sabina. Wewe ukapigwa picha, ukalifungia kabatini. Mimi nimelitoa nikalitumia. Hata mara moja uliwahi kunitaja kwenye redio?"

"Nilikutaja kila mara. Wakakata watu wa redio. Na singleti ile nilimzika nayo mama, Domina. Umemuuza mama mara tatu."

Akatazama karai lake. "Hilo sikulijua."

Sikulijua. Basi!

Ndipo Kabula akavua kandambili na kufungua bandeji. Domina akainama kutazama. Akagusa kisigino, akagusa kifundo, kama makocha wanavyofanya.

"Huyu anakimbia kweli?"

"Ana mchujo Jumamosi."

Sura ikambadilika. "Nilidhani mnavinunua kutundika ukutani," akamwambia Kabula. "Wallahi nilidhani ni vya ukutani. Ungeniambia unakimbia, mwanangu, nisingekupa hivi."

Akalia. Hakulilia jina langu wala mama yangu. Alililia kidole. Na mimi nikachukia zaidi, kwa sababu nilitaka alie kwa ajili yangu.

Nilimpa masharti papo hapo: aufute ukurasa, na kabla ya kuufuta aseme ukweli kwa uso wake, siyo kwa uso wangu. La sivyo naenda polisi. Wakati wa kurudi Kabula aliniita "mama" bila sauti ya mashaka. Hilo tu ndilo zuri la leo.

Ijumaa, 18 Julai

Domina kasema. Kajirekodi video, nyuma yake meza ya mitumba. "Vitu hivi si vya Sabina. Nilivitengeneza mimi na sahihi nilighushi mimi. Aliyenunua anitafute."

Nilidhani nitafurahi. Nimesoma maoni mpaka macho yakauma. Wengine wanasema nimemlipa aseme. Wengine wanasema tuko pamoja, tumegombana kwenye mgawo. Mmoja anauliza kama singleti bado zipo, hata kama ni feki.

Hata kama ni feki! Nimeitupa simu kitandani.

Jumamosi, 19 Julai

Kabula hakukimbia. Mguu umevimba mpaka kifundoni. Daktari kakataa katakata.

Nimempigia. Alikuwa nyumbani, anasikia baridi. Nikasema pole. Akasema asante mama, mwakani. Mwakani! Nikiwa na umri wake nilijua mwaka mmoja ni nini kwenye miguu ya mkimbiaji. Hakuna video itakayourudisha.

Leo namchukia Domina kwa moyo wote.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya misa Domina kafika, kwa basi la Kilosa, bila taarifa. Nilikuwa uani namenya viazi vya wageni. Hakuniomba msamaha. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa, akachukua kisu kingine.

Magoti yake hayakunji vizuri siku hizi. Yangu pia. Tuliongea hayo. Kasema Ijumaa alikwenda Ruhembe, mama yake Kabula hakumfungulia mlango, akaacha dawa ya kidonda kizingitini. Nikaendelea kumenya. Kauliza kama Kabula atakubali amvutie mwendo akipona. Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Sijamsamehe. Nilimpakulia wali, akala.

Aliondoka jua likiwa bado lipo. Sikumsindikiza stendi. Niliporudi uani nikakuta amemenya viazi vyote, mpaka vya kesho.